Siku Maiki Iliponata Kosele

Vijana wangu, jioni mnapokaa hapo barazani mkipokezana simu, mkimtazama yule kijana anayemwigiza rais mpaka mnashika mbavu, mimi huinuka nikaenda kuangalia ng'ombe. Mmeliona hilo. Juzi mmoja wenu aliuliza kama babu anachukia vichekesho. Sichukii. Vichekesho vilinilisha, pamoja na matanga, sabuni za kufulia na siasa. Nilikuwa mtangazaji wa gari. Kazi hiyo imekufa, na niliofanya nao wamekwisha, au ni kama wamekwisha. Kwa hivyo wekeni simu chini kidogo.

Gari letu lilikuwa pikapu kuukuu ya Mzee Nashon, yenye pembe mbili za spika juu ya paa, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Tulikaa Rongo kwa sababu ukiwa Rongo unaweza kuamka ukashuka Migori hadi mpakani, au ukakata kwenda Homa Bay na ziwani. Mtu akifiwa, daktari wa macho akija, duka likifunguliwa, mhubiri akipiga hema, mbunge akitaka umati, walitutafuta sisi. Hakukuwa na simu za mkononi. Habari ilikwenda kwa magurudumu.

Mzee Nashon alikuwa katekista kabla ya kununua pikapu, na alinifundisha kazi kama anayemfundisha mtoto ubatizo. Aliniambia, "Sema neno, kisha lingoje lirudi. Ukilisemea juu ya mwangwi wake, watu watasikia mbwa wawili wakipigana." Alinifundisha pia upepo. Kule ziwani upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu kwenda majini, na baada ya chakula cha mchana hugeuka. Basi asubuhi unaegesha gari juu kilimani na kuacha upepo ukubebee maneno hadi kwa wavuvi, na mchana unashuka ufuoni ili ukubebee hadi vijijini. Asiyejua hilo anaimaliza betri bure. Nilijifunza kutokula njugu kabla ya kazi. Nilijifunza kwamba Migori mjini unatangaza kwa Kiswahili, maana sokoni kuna Mjaluo, Mkuria, Msomali na mtu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila mmoja anadhani lugha ya mwenzake ni kelele. Kosele unatangaza kwa Kijaluo, kisha unarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya polisi.

Na jina la marehemu unaliuliza mara mbili. Hilo Mzee alilisisitiza kwa sababu zamani, kule Migori, alitangaza jina la mtu aliyeleta habari badala ya jina la aliyefariki. Mtu mwenyewe alikuwa kwa kinyozi, povu mashavuni, akasikia barabarani kwamba amelala na atazikwa Ijumaa. Alipofika nyumbani alikuta wakwe zake wanalia, na mmoja wao ameshaanza kuulizia ng'ombe wake. Mzee Nashon alipotusimulia kisa hiki alikuwa hacheki. Ogutu na mimi ndio tuliocheka.

Ogutu ndiye mtu ninayetaka mumjue. Alikuwa dereva wetu, mwembamba, mwenye pengo la meno sita la chini, kama wazee wetu wa zamani waliong'olewa kwa mila, ingawa yeye alilipata kwa kuanguka na baiskeli. Alimwoa Rosebella kutoka kisiwa cha Mfangano, mwanamke aliyekuwa akiuza samaki na hakuogopa mtu. Mungu alimpa Ogutu kitu ambacho sijakiona tena kwa binadamu mwingine: akikusikia ukisema maneno matatu, kesho yake anakuwa wewe. Alikuwa askofu. Alikuwa mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, anayemlaani mnunuzi chinichini. Alikuwa Mzee Nashon akiomba kabla ya kula, mpaka Mzee mwenyewe akafumbua jicho kuangalia ni nani anayeomba. Na vioo vya gari vikiwa vimepandishwa, tukiwa peke yetu katikati ya mashamba ya miwa, alikuwa rais.

Sasa nyinyi mnamwona rais kila dakika na kumtukana mkiwa mmelala. Wakati ule jina lake tulilitaja kwa sauti ya chini hata kanisani. Picha yake ilikuwa kila duka. Huku kwetu watu wengi hawakumpenda, na kwa sababu hiyo hiyo walimwogopa zaidi. Sisi watu wa barabara tulimjua kwa njia nyingine. Tulimjua kwa greda. Mwaka mzima barabara ya Rongo kwenda Homa Bay ingekaa na mashimo ya kumezea ndama, kisha asubuhi moja unakuta greda inasawazisha, na unajua mheshimiwa anakuja. Mara moja tuliifuata greda kwa furaha, gari likiteleza kama liko juu ya mkeka, kisha greda ikafika mahali ikageuka na kurudi ilikotoka. Mkutano ulikuwa umehamishwa. Mbele ya alama za yale magurudumu mashimo yaliendelea kama kawaida. Ogutu alisimamisha gari, akatazama ule mstari, na kwa sauti ya rais akaniambia kwamba serikali yake imefika mwisho wa maendeleo, anayetaka kuendelea aendelee kwa miguu.

Mzee Nashon hakuupenda mchezo huo. Alimwambia Ogutu kwamba sauti ya mkubwa ni kama koti lake: ukilivaa kwa utani, bado ni wizi.

Basi ikawa siku ya soko Kosele, muda mfupi kabla ya uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi. Mzee alikuwa amebaki Rongo na homa. Tulikuwa tunatangaza chanjo ya ng'ombe. Maiki yetu ilikuwa ya kubonyeza: unabonyeza unasema, unaachilia inanyamaza. Lakini jua likiwa kali kitufe chake kilikuwa na tabia ya kunata, na fundi alikuwa amekitengeneza mara mbili bila mafanikio. Tulipomaliza niliitundika mahali pake kati yetu, Ogutu akaegesha pembeni mwa soko ili injini ipoe. Tulikuwa na mahindi ya kuchoma. Gari la serikali likapita kwa kasi, likatumwagia vumbi jekundu sisi na kina mama waliokuwa wametandaza nyanya chini.

Ogutu alipukuta vumbi kwenye mahindi yake. Kisha akakohoa kile kikohozi cha rais.

"Wananchi wa Kosele," alisema, "nimeona vumbi mnalokula. Vumbi hilo ni langu. Nimewaletea kutoka Nairobi. Mkinipigia kura tena, mwakani nitawaletea na matope."

Mimi nilicheka. Akaendelea, akawashukuru kina mama kwa nyanya, akawaahidi kwamba nyanya ambayo haijapata vumbi itachukuliwa kuwa ya upinzani. Ndipo nilipoona mwanamke mmoja mbele yetu anashusha karai kichwani taratibu, kama mtu anayepita kwenye maziko. Wanaume waliokuwa wakicheza ajua, bao la kwetu, walikuwa wamesimama na kofia mkononi. Upande wa shule mwalimu alikuwa anawapanga watoto kwenye ua, waimbe. Mzee mmoja alikuja dirishani akaniuliza kwa heshima asimame wapi ili apewe mkono.

Hatukusikia pembe zetu wenyewe, maana zilikuwa juu ya vichwa vyetu zikitazama nje. Kitufe kilikuwa kimenata, na soko zima lilikuwa limesikia.

Nikaung'oa waya wa maiki. Kisha mwanamke wa karai akamtazama Ogutu, akatazama mahindi mkononi mwake, akaanza kucheka. Kicheko kilikwenda kama moto kwenye nyasi kavu. Wanawake walikaa chini. Watu waliegemeana. Nimefanya kazi na maneno maisha yangu yote na sijawahi kuona furaha ya namna ile, na nitawaambia ukweli, kwa dakika chache nilidhani kitu fulani katika nchi hii kimevunjika na hakitaunganika tena.

Naibu wa chifu wa pale alikuwa kwenye bucha anakula matumbo. Yeye hakucheka. Alinawa mikono, akaja, akauliza ni nani aliyesema. Ningeweza kusema ni redio. Kabla sijafungua kinywa Ogutu alijibu kwamba ni yeye. Naibu akasema hakuna tatizo, twende tu hapa ofisini, maneno mawili.

Nilimsubiri hadi soko likafungwa. Ofisi ilikuwa na kufuli.

Sasa sikilizeni habari ya safari. Nyinyi husema mmechoka mkienda Kisumu na kurudi. Rosebella na mimi tulimtafuta mume wake kwa pikapu ile mpaka matairi yakatoboka yote. Kila kituo tulichofika tuliambiwa hayupo, tujaribu kwingine, na huko kwingine walitutuma tulikotoka. Rosebella alikuwa anavaa nguo yake ya kanisani kila siku ili wasimwone mtu wa kufukuzwa. Askari mmoja kijana alimwonea huruma akamwambia arudi nyumbani, watu kama hao hawaandikwi. Mzee Nashon aliuza ndama wawili kutafuta wakili, na wakili akasema hawezi kumtetea mtu ambaye serikali inasema haimshikilii. Hatukutangaza chochote miezi hiyo. Watu walifiwa wakazikana kimyakimya, maana nani angetangaza msiba wake kwa gari lile?

Nilidhani watu wa Kosele watasema kitu. Walikuwa soko zima. Walipotuona barabarani waligeuza nyuso, na siwalaumu, walikuwa na watoto. Ila kile kicheko nilichokiona siku ile nilikitafuta kwenye nyuso zao, hata alama yake, nisikione.

Ogutu alirudi baada ya uchaguzi. Alikuja kwa miguu kutoka njia panda, amevaa viatu visivyo vyake. Rais alikuwa ameshinda, na nadhani hawakuwa na haja naye tena. Hakuwa na kidonda tulichoweza kukiona. Alikula, akalala, na wiki iliyofuata akashika usukani. Alikuwa dereva mzuri kama zamani. Lakini hakuna sauti iliyotoka kwake tena ila yake, na hiyo yenyewe kwa uchache: panda, shuka, maji yameisha. Nilikuwa nikimchokoza kwa askofu, kwa mama wa omena. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayesikia habari za jirani aliyehama. Rosebella aliniambia siku moja, akiparua samaki bila kuinua macho, "Shemeji, wamenirudishia mwili."

Ikapita miaka. Mzee Nashon alifariki akaniachia pikapu, na siasa zikawa biashara ya kila mtu. Msimu mmoja tulitangazia chama tawala Jumatatu upande wa Kuria na upinzani Jumatano upande wa Homa Bay, tukibadilisha bendera darajani, na hakuna aliyeona ajabu. Mheshimiwa mmoja alihama chama Alhamisi, ikabidi tuzunguke tena Ijumaa kuwaambia watu wale wale kinyume cha tuliyowaambia. Walisikiliza vilevile, wakauliza kama kutakuwa na sukari.

Ndipo vile vichekesho vilipokuja. Vijana wa Nairobi walianza kumwigiza rais kwenye televisheni, wazi wazi, na suti na fimbo, na hakuna aliyewakamata. Kule Rongo hoteli moja ilikuwa na televisheni ndani ya kizimba cha chuma juu ya kaunta, na Jumamosi alasiri watu walijaa mpaka wengine wakatazama kupitia dirishani. Tuliingia mimi na Ogutu kunywa chai. Hatukuwa tumekuja kwa ajili ya kipindi.

Yule naibu wa chifu alikuwa amekaa mbele kabisa. Alikuwa amenenepa. Alikuwa anacheka mpaka anapangusa machozi kwa kofia ya serikali, akipiga meza, akimwambia mwenye hoteli aongeze sauti. Alipogeuka akamwona Ogutu, uso wake ulichangamka kweli, kama aliyeona rafiki wa shule.

"Ogutu, si wewe uliyeanza mambo haya?" alisema. "Njoo utufanyie. Siku hizi ni ruhusa."

Watu wakapiga makofi. Wengi walikuwa wamesikia kisa cha Kosele. Kilikuwa kimeshakuwa hadithi ya kuchekesha. Mwenye hoteli akapunguza sauti ya televisheni. Nilimshika Ogutu mkono, akautoa pole pole. Akasimama pale karibu na kizimba, akajinyoosha, na nikaona shingo yake inafanya ile kazi ya zamani, mshipa ukipanda. Moyo wangu ulifurahi. Nilifikiri amerudi.

Sauti iliyotoka sikuijua. Ilikuwa nyembamba, ya upole, ya mtu aliyesoma, anayesema akiwa na kitu mdomoni, labda peremende.

"Rudia," ilisema. "Ile ya vumbi. Rudia, na safari hii usisahau matope. Vizuri. Mwinueni. Rudia tena."

Watu walitazamana. Mmoja nyuma alisema huyo si rais, na wachache wakacheka kwa adabu, wakidhani ameishiwa. Ni naibu wa chifu peke yake aliyeijua sauti ile. Alikiweka kikombe chini kikagonga sahani, akatoka nje akiacha kofia yake mezani. Mwenye hoteli akaongeza sauti ya televisheni na hoteli ikarudi kwenye kipindi chake.

Tulipotoka Ogutu alinisimulia, mara moja tu, tukiwa tumekaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Alisema hawakumuuliza maswali mengi. Walimfungia mahali ambapo hakuwahi kupajua jina, na kila siku walimtoa na kumfanya awaigizie. Mwanzoni wale wa chini, baadaye walileta wakubwa wao, akiwemo yule wa sauti ya peremende, wengine na wageni wao, naibu wa chifu mmoja wao. Walikuwa wanampiga wakicheka, na akikosea wanampiga, na akipatia sana wanampiga pia.

"Walicheka, omera," aliniambia. "Walicheka kuliko watu wa Kosele. Kama wangekasirika ningerudi nikiwa mtu. Mimi nilidhani nimewarushia jiwe, kumbe nimewatupia mfupa."

Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kusema, nilimpa ufunguo wa gari.

Mwezi huohuo alihama na Rosebella wakaenda Mfangano kwa watu wa mke wake, jambo ambalo kwetu si la sifa kwa mwanamume, lakini hakujali. Nilitangaza na madereva wengine. Hakuna aliyejua upepo. Uchaguzi mwingine ukaja, na sijawahi kusikia rais akichekwa namna ile. Kila mtu alikuwa na sauti yake. Kina mama walibishana bei kwayo, makondakta waliitia nauli kwayo, wahubiri waliinyunyiza katikati ya mahubiri. Nami nikawaza, na nilikuwa mjinga mtu mzima, kwamba mtu anayechekwa hivi hawezi kushinda.

Alishinda.

Baada ya hapo niliiacha pikapu Mbita nikapanda boti kwenda kumwona Ogutu. Nilimkuta anaanika omena na Rosebella, amekuwa mweusi kwa jua, nywele zimeingia mvi. Tulizungumza habari za watoto na za betri. Alinipikia ngege, samaki wa ziwani, kwa mkono wake. Sikuzungumzia uchaguzi, naye hakuuliza.

Siku ya pili yake rais alikuwa anaapishwa. Karibu na gati kulikuwa na duka lenye televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari, antena yake imefungwa kwenye mti mrefu, na watu walikuwa wamekusanyika, wavuvi na wachuuzi wa samaki, kiasi cha kuziba mlango. Picha ilikuwa na chenga lakini sauti ilikuwa safi. Rais aliposhika Biblia, kijana mmoja mvuvi alisimama mbele ya kioo, akashika kipande cha mti, akaanza kuapa pamoja naye kwa sauti ile ile ya Nairobi, neno kwa neno, na duka zima likaanguka kwa kicheko. Hakuwa mzuri. Mwanzo wa sentensi alikuwa anapanda juu mno.

Ogutu alikuwa amesimama nyuma pamoja nami, mikono imejaa magamba. Akapenya katikati ya watu hadi mbele, akachuchumaa karibu kabisa na spika ya televisheni, akainua mkono.

"Nyamazeni kidogo," alisema. "Nataka kumsikia mwenyewe. Nataka kusikia anaahidi nini."

Walidhani naye ameanza mwigizo wake. Walicheka mpaka kiapo kikaisha.